Akiba ya Jikoni ni ya Wawili



Katika somo la mwezi huu hatutazungumza juu ya wivu wala juu ya wakwe. Tutaingia jikoni na kufungua stoo. Huenda bwana fulani akataka kugeuza ukurasa akisema, "Hayo ni mambo ya mama watoto." Ndugu yangu, nakuomba usigeuze. Somo hili linakuhusu wewe kama lilivyonihusu mimi, nami nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

GUNIA LA GUNZI

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Agosti, tulivuna magunia saba ya mahindi. Mke wangu alipiga hesabu akaona yatatufikisha Mei. Alifurahi, akamshukuru Mungu, akampa binti wa marehemu ndugu yangu, tuliyekuwa tukimlea, ufunguo wa stoo ili awe anapima mahindi ya kusaga.

Mimi nilikuwa na deni. Mke wangu hakulijua. Siku moja alipokwenda sokoni Rodi, mnunuzi alipita na lori, nami nikamuuzia magunia matatu. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya. Nilijaza magunia matatu gunzi, nikayafunga vizuri, nikayasimamisha nyuma ya mengine ili pengo lisionekane.

Mvua fupi za mwaka huo hazikutupa kitu. Mwezi wa Januari, wakati wa karo za shule, mke wangu alifungua gunia la tano akakuta gunzi. Akafungua la sita, gunzi. Alikaa chini palepale sakafuni. Kisha akamwita yule mtoto aliyeshika ufunguo, akamuuliza mahindi yamekwenda wapi. Mtoto alilia, akaapa kwamba hajui. Hakuna aliyemsadiki. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, nimenyamaza. Nilinyamaza siku mbili nzima, mimi ambaye kila Jumapili nawafundisha wakatekumeni Amri za Mungu.

Siku ya tatu nilisema kweli. Nilikwenda pia kwenye Sakramenti ya Kitubio. Lakini malipizi yaliyoniuma zaidi yalikuwa kumwomba msamaha mtoto yatima mbele ya watoto wengine, na kumtazama mke wangu akienda kwa jirani na bakuli kuazima unga. Deni la mahindi tulilimaliza mwaka huohuo. Deni la uaminifu lilichukua muda mrefu zaidi.

Mpendwa msomaji, hapo ndipo nilipojifunza kwamba stoo ya chakula ni mahali pa ndoa. Ukitaka kujua kama bwana na bibi wanaaminiana, waulize kila mmoja peke yake: "Je, mna chakula cha muda gani?" Kama majibu yao yanalingana, nyumba hiyo ina msingi mzuri.

MAANDIKO YANATUFUNDISHA NINI

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, Yosefu anamshauri Farao aweke akiba sehemu ya tano ya mazao katika miaka ya shibe, ili nchi isiangamie katika miaka ya njaa. Tuangalie vema: Yosefu hakuificha hesabu hiyo. Aliieleza wazi mbele ya mfalme na watumishi wake.

Lakini Bwana wetu pia anatuonya. Katika Luka 12 tunasoma habari za tajiri aliyetaka kubomoa ghala zake na kujenga kubwa zaidi kwa ajili ya nafsi yake tu, na usiku uleule akafa. Kwa hiyo akiba si uchoyo. Akiba ni kumtunza yule Mungu aliyekukabidhi: mwenzi wako, watoto wako, na maskini aliye mlangoni. Tunapoomba mkate wa kila siku, tunaomba wetu sote. Hatuombi wa mtu mmoja.

Papa Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, alikumbusha kwamba nyumba inahitaji maneno matatu: la kuomba ruhusa, la kushukuru, na la kuomba msamaha. Wengi wetu tunayatumia mbele ya wageni. Je, tunayatumia mbele ya stoo? Kama ningalimwomba mke wangu ruhusa siku ile ya lori, nisingalihitaji kuomba msamaha mwezi wa Januari.

TUUJUE MWAKA WETU

Akiba njema huanza kwa kuijua nchi yako. Sisi wa Migori na Homa Bay tuna misimu miwili. Mvua ndefu huanza mwezi wa Machi, nasi huvuna kuanzia Julai na Agosti. Mvua fupi huja kuanzia Septemba, na mavuno yake ni Desemba na Januari, lakini mvua hizo hazitegemeki, hasa pande za ziwani kama Karungu, Nyatike na Mbita. Huko mtama na muhogo huvumilia kuliko mahindi. Wazee wetu walilijua hilo vizuri, na haifai tuyadharau mazao hayo kwa kuwa rangi ya ugali wake si nyeupe.

Miezi migumu ni Aprili, Mei na Juni. Mahindi yako shambani lakini ni mabichi. Stoo imepungua, na bei ya gorogoro sokoni imepanda. Tena katika miezi hiyohiyo, kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai, kwa kawaida uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Basi unga na kitoweo hupanda bei pamoja. Mwenye busara hununua omena yake Februari na Machi, wakati bado wanaanikwa kwa wingi kule Sori, Mbita na Kendu Bay na jua ni kali.

Wala asiseme mtu kwamba atakula unga wa dukani. Mwaka 2017 bei ya unga ilipanda hata Serikali ikaingilia kati na kuuza pakiti ya kilo 2 kwa shilingi 90. Mwaka 2022 pakiti hiyo ilipita shilingi 200, na mwezi wa Julai bei ikashushwa kwa muda hadi shilingi 100. Mara zote mbili watu wengi walizunguka madukani wakaukosa unga huo wa bei nafuu. Aliyekuwa na magunia mawili nyumbani hakuhangaika.

HESABU YA GOROGORO

Chukueni daftari, mkae wawili, mpige hesabu hii. Gunia la kilo 90 lina gorogoro 40 hivi. Nyumbani kwangu tulikuwa watu saba, tukitumia gorogoro moja kwa siku. Basi gunia moja ni siku 40. Magunia saba ni siku 280, yaani miezi tisa na zaidi kidogo. Magunia manne ni siku 160 tu. Mnaona sasa jinsi mkono wangu mmoja ulivyowanyang'anya watu saba chakula cha siku 120.

Kwa mwaka mzima, nyumba kama hiyo inahitaji magunia tisa na zaidi kidogo. Wewe pima matumizi ya nyumba yako kwa wiki moja, usikisie. Kisha uliza: mavuno yetu yatatufikisha wapi? Kama yatafika Machi tu, ni heri kujua Agosti kuliko kugundua Aprili. Ukijua Agosti, unaweza kununua magunia mawili wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Ukigundua Aprili, utanunua gorogoro mojamoja kwa bei ya juu, au utakopa kwa simu na kulipa riba kwa chakula kilichokwisha kuliwa.

Hapa niwaambie ndugu wa miwa kule Awendo na Ndhiwa, na wale wa tumbaku. Fedha yenu huja kwa mkupuo, na wakati mwingine huchelewa. Ikifika, kabla ya kununua kiti cha sofa, nunueni kwanza magunia ya nyumba. Tena msipande miwa mpaka mlangoni mwa jiko. Acheni kipande cha shamba kwa ajili ya chakula. Nanyi wavuvi, fedha yenu huja kila siku, na kila usiku ina mahali pa kwenda. Wekeni kidogo kila siku mpaka gunia litimie. Haba na haba hujaza kibaba.

VITU VYA KUWEKA

Mke wangu hugawa akiba yetu katika mafungu matatu, nami nimeona ni mpango mzuri.

Fungu la kwanza ni la msimu. Hapa kuna mahindi, mtama au wimbi, maharagwe, njugu na omena kavu. Ukiwa na hivi vitano, unaweza kupika ugali, uji, nyoyo na kitoweo bila kwenda dukani. Usiweke mahindi peke yake. Mtoto hashibi vizuri kwa ugali na chumvi. Maharagwe, njugu na omena ndivyo vinavyomjenga mwili, na ni nafuu kuliko nyama.

Fungu la pili ni la mwezi: chumvi, mafuta ya kupikia, sukari, majani ya chai, viberiti na sabuni. Vitu hivi ukivinunua kwa vijipakiti vya kila siku, mwisho wa mwezi utakuwa umelipa zaidi kwa vitu vilevile. Chumvi iwekwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na mvuke wa sufuria, ili isipoteze madini ya iodini. Kuni au makaa pia ni akiba. Mvua za Aprili hazimwonei huruma mama ambaye kuni zake ziko nje.

Fungu la tatu halikai stoo, linakaa bustanini: sukuma wiki, osuga, dek, apoth, boo, vitunguu na nyanya. Muhogo na viazi vitamu, kama vile vinavyosifika vya Kabondo, vinaweza kubaki ardhini kwa muda ukachimba kadiri unavyohitaji. Majani ya kunde yanaweza kuchemshwa kidogo, yakaanikwa kivulini na kuwekwa kwa ajili ya kiangazi. Baba, hapa una kazi ya jembe na ya kujenga ua wa kuzuia kuku na mbuzi. Usimwachie mama peke yake.

KUHIFADHI VIZURI

Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini mahindi mabichi huoza, tena huua. Mwaka 2004, kule Ukambani, watu zaidi ya 100 walifariki kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumu ya ukungu. Kwa hiyo tusifanye haraka.

Anikeni mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Ili kujua kama yamekauka, tumieni chupa kavu yenye kifuniko. Tieni mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, mtikise, mwache kwa robo saa, kisha mtikise tena. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji, yarudisheni juani. Isiposhika, yamekauka.

Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, yasinyonye unyevu. Siku hizi iko mifuko isiyopitisha hewa, ambayo ndani ina karatasi mbili za plastiki. Dumuzi na fukusi waliomo hukosa hewa wakafa, bila dawa yoyote. Ina bei kuliko gunia la kawaida, lakini hutumika zaidi ya msimu mmoja kama haijatobolewa. Sharti nafaka iwe kavu kabisa kabla ya kufungwa.

Maharagwe yanaweza kuchanganywa na majivu makavu yaliyochekechwa, kama walivyofanya mama zetu. Njugu zikae na maganda yake, zimenywe zinapohitajika, na zile zilizosinyaa au zenye ukungu zitupwe, zisisagwe. Omena waanikwe tena juani, wachekechwe mchanga, kisha wawekwe penye hewa, juu, mahali paka hafiki. Unga uliosagwa haukai muda mrefu kama nafaka, basi sageni wa wiki moja au mbili tu.

NANI ASHIKE UFUNGUO?

Zamani katika boma la Mjaluo kila mama alikuwa na dero lake, ghala la nafaka, na mume hakulifungua apendavyo. Siku hizi maghala hayo ni machache. Mahindi yako ndani ya nyumba, katika magunia. Ni rahisi kuyabeba, na ni rahisi kuyauza kwa simu moja. Kwa hiyo ulinzi uliobaki ni mapatano ya wawili. Hapa kwetu tuliweka haya:

1. Siku ya kuweka mavuno tunahesabu pamoja, na hesabu inaandikwa katika daftari linalokaa jikoni.

2. Siku hiyohiyo tunatenga ya kula, ya mbegu, ya kuuza, na ya Mungu na mgeni. Ya kula hayauzwi.

3. Hakuna gunia linalotoka bila maneno mawili: la baba na la mama. Mmoja akiwa mbali, apigiwe simu.

4. Kila Jumamosi jioni mmoja wetu anachungulia stoo na kumwambia mwenzake hali ilivyo. Ni dakika tano tu.

5. Deni lolote linatajwa kabla halijawa na mdomo wa kula mahindi.

Akina mama, nanyi niwaambie neno. Kuna mama anayepeleka debe kwao kwa siri, na kuna mama anayeuza gorogoro kidogo kidogo ili kulipa kikundi. Kusaidia wazazi ni Amri ya Nne, na kikundi ni kitu chema. Lakini kinachofanywa gizani huzaa mashaka. Sema wazi, na iandikwe daftarini.

Hata hivyo, tusiwatwike wote mzigo mmoja. Yuko mama anayeficha debe chini ya kitanda kwa sababu mume akiliona atalinywa. Huyo hafichi kwa hila, anawaficha watoto wake na njaa. Ndugu, kama mkeo anakuficha chakula, usianze kwa kumgombeza. Jiulize kwanza amejifunza wapi kukuogopa. Na wewe mama ambaye mumeo anauza kila kitu, usikae peke yako na siri hiyo. Waendee wazee wa Jumuiya Ndogo Ndogo au Baba Paroko, wawakalishe chini wawili.

YA MUNGU NA MGENI

Katika 1 Wafalme 17, mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja tu ya unga, akampikia kwanza nabii Eliya, na chombo chake hakikupungukiwa. Kwetu hapa matanga ni mengi, na kila mara Jumuiya huomba mahindi, maharagwe na kuni. Familia nyingine hutoa mpaka watoto wanalala na njaa kwa kuogopa maneno ya watu. Nyingine hujificha. Njia ya katikati ni kutenga mapema. Sisi hutenga debe mbili kila mavuno kwa ajili ya matanga, wagonjwa na wageni. Zikiisha, tunatoa mikono yetu: kuchota maji, kupasua kuni. Hakuna haja ya ugomvi kila msiba unapotokea, kwa kuwa jambo lilikwisha kuamuliwa.

Yule binti wa ndugu yangu sasa ana nyumba yake. Alipoolewa kanisani alimwomba mke wangu zawadi moja tu, gorogoro la kupimia. Na kwangu aliomba daftari. Nililinunua, na ukurasa wa kwanza niliuandika kwa mkono wangu: majina yao wawili, bwana na bibi.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

1. Je, kila mmoja wetu anajua nyumba ina chakula cha siku ngapi?

2. Je, kuna deni au mauzo ambayo mwenzangu hayajui? Nitamwambia lini?

3. Je, kuna mtu katika nyumba hii, labda mtoto au mtumishi, anayebeba lawama ya kosa langu?

4. Fungu la maskini liko wapi katika stoo yetu?

AZIMIO LA MWEZI

Kabla ya Jumapili ijayo, ingieni stoo wawili pamoja. Fungueni kila gunia, hata lile la nyuma kabisa. Hesabuni, andikeni, mweke sahihi wote wawili.

TUSALI

Ee Baba Mwema, umetupa mvua, udongo na ziwa. Tufundishe kutunza tulichovuna na kutofichana kitu. Bariki jiko letu, bariki mikono inayolima na inayopika. Utuondolee uchoyo na woga, na mwenye njaa akibisha hodi akukute wewe ndani ya nyumba yetu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.